Jante Iliyokohoa

Feza mwanangu,

Barua hii nimeiweka juu ya begi lako, si ndani, usije ukasema hukuiona. Isome kabla hujapanda pikipiki. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, nyumba yetu ni ndogo na ukuta ni wa matofali mabichi, ukigeuka kitandani nakusikia. Lakini nikianza kusema utalia, na machozi yako nayajua tangu unanyonya. Yananilegeza, na safari hii sitaki kulegea.

Usitafute humu mambo ya chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala namna ya kukaa na mume. Umekua. Kama hadi leo sombe yako ya majani ya muhogo inatoka na mchanga, mumeo Murhula atatafuna mchanga, shauri yake. Wala sitakufundisha kazi. Kazi unaijua kuliko mimi, na hilo nalisema kwa wivu kidogo, kwa sababu macho yangu yameliwa na moshi na yako bado yanaona unga wa rangi unapoanza kuyeyuka kabla mimi sijaona kitu.

Nataka tuzungumze habari ya yule kijana Kitenge. Ndiyo, tena. Kunja uso wako uone kama itasaidia.

Lakini kwanza nianzie kwangu, maana wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na wewe ulifunzwa na mamako. Hapo ndipo penye taabu.

Unakumbuka tulivyoanza. Baba yako alikuwa amekwisha kwenda zake na mwanamke wa Kindu, nami nilibaki na mapipa mawili ya mafuta na wewe mgongoni. Nikakata pipa, nikalizungushia matofali, nikatia makaa chini. Watu wa mtaa wakasema mke wa fulani ameanza kuoka mikate. Mikate gani! Nilikuwa naoka jante, zile ringi za magurudumu ya magari. Jante inakuja imebambuka rangi au imekwaruzwa na mawe ya njia ya Kabambare, tunaisugua kwa mchanga hadi inabaki uchi, tunaitia motoni, inatoka ya moto, tunaipepetea rangi ya unga kwa kitambaa chepesi kama mama anavyompaka mtoto poda, kisha inarudi ndani ya pipa. Unga unayeyuka, unashika, unakuwa ngozi. Shoferi akija kuichukua anaona uso wake humo. Nilianza na nyeusi na nyeupe, na wanaume walicheka hadi walipoona. Baada ya hapo walipanga foleni.

Bibi yako, mama yangu, alikuwa mfinyanzi. Alinifundisha jambo moja tu lililonifaa katika kazi hii, wala hakujua kama ananifundisha. Mwanamke wa hapa Kasongo akinunua chungu sokoni hatazami urembo. Anakiinua kwa vidole, anakigonga kwa kifundo, anasikiliza. Chungu kizima kinaitika. Chenye ufa kinakohoa, hata kama macho hayaoni ufa wenyewe. Mimi nikachukua desturi hiyo ya vyungu nikaitia kwenye jante. Kila jante iliyoingia kwangu niliitundika kwa kamba kwenye boriti nikaigonga kwa mpini wa nyundo, mbele ya mwenyewe, kabla ya rangi. Iliyoitika tuliipaka. Iliyokohoa nilimwambia mwenyewe aipeleke kwa Asumani jirani yetu, aiyeyushe apate sufuria. Wengine walinitukana. Mmoja aliniita mchawi wa vyuma. Niliwaacha watukane.

Sasa sikiliza nilipokosea. Ulikuwa bado mtoto wa shule. Ililetwa jante ya gari la misheni, ina kovu refu ukingoni, kovu tu, si ufa, mimi niliigonga ikaitika vizuri. Nilikuachia ujaribu. Uliijaza mastiki ya kuzibia, ukasugua, ukajaza tena, ukapaka. Shoferi alipokuja akaizungusha jante mikononi anatafuta kovu lake, hakuliona. Akaapa kwamba tumembadilishia jante. Nilicheka hadi nikakaa chini. Niliita majirani, nikamwita Asumani aache moto wake aje aone mkono wa mwanangu. Wewe ulisimama pale katikati yetu, mikono imejaa vumbi la rangi, na macho yako yalikuwa yanametameta.

Siku ile sikukuita nikuambie: Feza, mkono huu unaweza kuficha kovu, kwa hiyo unaweza kuficha na ufa. Nilikusifu kwa kuficha. Sikuwahi kukusifu hata mara moja kwa kusikiliza. Ulipogonga jante ukasema "Mama, hii inakohoa," nilikuambia tu, "Haya, weka kando." Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi nimeyaona matunda, na ni machungu, na mengine yameangukia mdomoni mwa mtu ambaye hakupanda mti huu.

Murhula simlaumu sana, na ninajua utashangaa. Alikuja kutoka Bukavu kununua dhahabu, akaona jante zako za rangi ya dhahabu, akaacha ile anayoinunua akaifuata ya kwako. Kijana hana ubaya wa moyoni. Alikusanya jante kutoka kwenye pikipiki na magari yaliyoanguka, akazirundika nyuma ya nyumba yetu, akasema zipakwe ziuzwe, mpate kufungua karakana yenu Kabambare, na jenereta, na bomba lile la kupulizia rangi. Yeye ni mchuuzi. Ukimpa jante iliyopasuka aigonge, atasikia ngo, basi. Hajui tofauti. Watu hapa mtaani wanapenda kusema mgeni ndiye aliyekuharibu. Mimi nawakatalia. Mgeni alileta rundo. Mwenye masikio alikuwa wewe.

Siku Kitenge alipokuja mimi nilikuwa shambani, kwenye mpunga. Jante yake ya mbele ilikuwa imepinda. Yule kijana tunamjua tangu anaendesha baiskeli ya kukodi, amekula kwetu mara ngapi, anakuita dada, nawe unamwita yaya kama kaka yako mkubwa. Ulimpa jante kutoka kwenye rundo, uliyokwisha kuipaka, inang'aa kama sahani ya ekaristi. Akakuuliza, na maneno haya umenieleza wewe mwenyewe, kwa kinywa chako:

"Feza, iko muzima hii?"

"Iko muzima, yaya. Enda tu."

Akaenda. Na mke wake Mwamini akapanda nyuma siku ya soko, na beseni lake la maharage. Baada ya kutoka kwao Wamaza, kwenye mteremko wa mawe, gurudumu la mbele lilivunjika vipande viwili. Kitenge alichubuka mkono. Mwamini hakuamka.

Sitaandika namna alivyokuwa. Ulimwona.

Kilioni ulipika. Nilikutazama ukikoroga bugali kwa watu wote wale, ukitoka jasho, nikawaambia wanawake wenzangu, huyu ndiye mtoto. Kitenge alikuwa amekaa chini nje ya ukumbi kwa sababu wakwe zake walimkataza kuingia alipolazwa maiti. Wanawake wa upande wa Mwamini waliimba zile nyimbo za kumsema mtu bila kumtaja jina. Mbio zake, pombe yake, kiburi chake cha pikipiki. Pombe hanywi, lakini nani anauliza siku ile? Mama mkwe wake alimchukua mtoto wao mdogo pale pale mgongoni mwa shangazi yake, akasema, "Muuaji halei mutoto." Kitenge akajibu, "Ndiyo vile, mama. Mimi njo nilimuua." Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja jina lake kwenye ofisi ya serikali ya teritwari. Na wewe ukamletea maji ya kunawa. Ukainama, ukammiminia mikononi. Ulisikia alichosema, kwa sababu mimi nilikuwa mbali zaidi yako na nilisikia.

Mimi sikujua kitu siku ile. Nilijua baadaye, na nilijua kwa Asumani. Walimletea vyuma chakavu kutoka Wamaza, anataka kuvitia motoni, akaona kipande chenye rangi ya dhahabu. Akaniita akicheka. "Mama Feza, njoo uone, mutoto wako anapaka mpaka masufuria yangu." Nilikishika. Rangi yako naijua, hakuna mtu mwingine huku anayeipata hiyo. Nikageuza upande uliovunjika. Chuma kilichovunjika leo ni cheupe, kinameta kama chumvi. Pale nusu ilikuwa nyeupe na nusu ilikuwa ya kijivu, laini, imesuguliwa. Mastiki. Nusu ya jante ile ilikuwa imepasuka kabla Kitenge hajaingia nayo njiani, na mtu aliijaza kwa uvumilivu mkubwa, kwa mkono mzuri.

Nilikaa chini kwenye makaa baridi ya Asumani. Aliniuliza kama ninaumwa, nikasema ndiyo.

Nilipokuuliza, nilitaka uniambie kwamba ulisahau kuigonga. Nilikuombea kwa Mungu uniambie hivyo. Ningekupiga, tungelia, tungekwenda pamoja Wamaza kupiga magoti. Nikakuuliza, "Uliipiga?"

"Niliipiga, mama."

"Ikasema nini?"

"Ilikohoa."

Halafu ukaanza maneno mengi. Kwamba ni ufa mdogo. Kwamba jante ngapi zinatembea na ufa na hakuna aliyekufa. Kwamba Murhula alikuwa anangoja rundo liishe. Na mwisho ukasema lile ambalo nalisikia hadi leo: "Lakini mama, Kitenge mwenyewe anasema alikuwa na vitesi, mbio sana. Mimi nitasema nini tena?"

Mwanangu, nimewahi kuona wezi. Mwizi anachukua kitu cha mtu. Wewe ulimpa mtu kitu chako akibebe, ukamtazama kinavyomponda, kisha ukasema si nimeona anakibeba vizuri.

Nilikupa nafasi, Jumapili baada ya Jumapili. Kila tulipotoka misa nilifikiri leo ataniambia, mama, twende. Wewe ulikuwa unashona mapazia ya nyumba ya Kabambare. Ulikonda kidogo, nikafurahi, nikafikiri ni dhamiri. Kumbe ulikuwa unajinyima chakula ili gauni la harusi likukae. Hilo ninalisema kwa ukali na sitaliondoa, kwa sababu nililiamini usiku na mchana na ulinidanganya hata kwa mwili wako.

Unadhani nakuandikia haya kwa sababu sikupendi. Ningekuwa sikupendi ningenyamaza. Ni rahisi sana kunyamaza, mwanangu, ni kama kulala. Rundo la Murhula limekwenda Kabambare, yeye ametangulia nalo, na wewe kesho unalifuata. Huko kuna mashimo ya dhahabu, kuna vijana wa pikipiki wengi kuliko huku, wanapenda kung'aa, na hakuna mwanamke wa kuwagongea jante mbele ya macho yao. Wewe peke yako utakuwa unasikia. Mtu aliyesikia mara moja akanyamaza na hakuna kilichompata, mara ya pili hata haoni taabu. Mara ya tatu anaacha kugonga, kwa nini ajisumbue. Nimeogopa mambo mengi maishani, njaa, askari, homa zako za utotoni. Hili linaniogopesha kuliko yote.

Sasa nikuambie nilichofanya. Wiki hii nilipokuaga kwamba nakwenda kumwona mgonjwa kwa dada yangu, sikwenda kwa dada yangu. Nilikwenda Wamaza. Nililala huko. Niliporudi nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi ulinipashia maji ya kuoga, hukuuliza mgonjwa anaendeleaje, nami nilishukuru.

Nilimkuta Kitenge anafyatua matofali. Pikipiki yake iko nyuma ya nyumba, imelazwa ubavu, haina gurudumu la mbele, kuku wanataga chini yake. Amesema hatapanda tena. Akanipa kiti, akakaa chini, akaniuliza habari zako. Alitaka kujua kama harusi ilikwenda vizuri. Akaomba radhi kwamba hakuja kwa sababu watu hawapendi kumwona kwenye furaha.

Nikamwambia yote. Ufa, mastiki, rangi. Nilikuwa nimebeba kile kipande, nikampa. Alikigeuza mikononi mwake muda, kisha akakirudisha kwenye mapaja yangu taratibu, kama mtu anayekurudishia mtoto.

"Aksanti, mama. Weye uko na moyo muzuri. Lakini usinibebee hii kitu."

"Kitenge, baba, nimeona kwa macho yangu."

"Jante ikipiga jiwe na vitesi inavunjika. Hii imevunjika. Mimi njo nilikuwa nashika gido, usukani. Mwamini aliniambia pole-pole, nikamucheka."

"Ilikuwa imekwisha kupasuka tangu nyumbani kwangu. Feza aliisikia."

Hapo alitikisa kichwa, tena kwa huruma. Alinihurumia mimi! "Hapana, mama. Hiyo haiwezekane. Kama ingekuwa vile, Feza angeniambia. Nilimuuliza, akasema iko muzima. Na kwa kilio alikuwa hapa, alinimiminia maji, tulitazamana. Feza ni dada yangu. Mutu hawezi kumutazama ndugu yake vile na anajua."

Nilikuwa nimefikiri ukweli ni mzigo, nitaufikisha nitaushusha, basi. Kumbe hautoki mikononi mwangu. Machoni pake mimi ni mama mtu mzima mwenye huruma, ninayesema uongo mzuri ili mjane apumue. Kunyamaza kwako ndiko shahidi wake. Anakuamini wewe kuliko chuma alichokishika, na kwa kukuamini wewe anajihukumu yeye. Mtoto wake yuko kwa bibi yake, ng'ambo ya kijiji, anafundishwa kumwita baba yake kwa jina tu. Alinionyesha kiatu kimoja cha mtoto kilichosahaulika. Nilitamani kukupiga, Feza, umbali wote ule, nilitamani mkono wangu ungekuwa mrefu.

Nilipoondoka nilimwambia, "Feza atapita hapa akienda Kabambare. Atashuka. Atakuambia mwenyewe."

Akauliza, "Na asiposhuka?"

Nikashika njia ya kurudi. Kijana atakayekubeba kesho nimekwisha kumwambia: akifika kwa Kitenge, azime pikipiki, awashe tena pale tu utakapomwambia wewe. Hajui kwa nini. Kitenge anajua siku, na kwa ninavyomjua atakuwa amesimama mlangoni, amevaa shati safi, kwa sababu mgeni anakuja.

Ukishuka, sijui atakufanya nini. Labda atalia, labda atakupiga, labda watoke ndugu za Mwamini na mafimbo, na mimi sitakuwepo kukukinga. Labda Murhula akisikia atakurudisha, na utakuja hapa na begi lako, nami nitakufungulia mlango bila neno. Sikuahidi kwamba itakuwa rahisi. Nimekuzaa, sikukuahidi chochote.

Usiposhuka, ukikaa tu pale juu umeshika begi lako na kumwambia kijana twende, Kitenge atakupungia mkono. Atakutakia safari njema, ndivyo alivyo. Ataamini kwamba mama yako alimdanganya kwa huruma, na atarudi ndani kuendelea kuwa muuaji wa mke wake hadi siku atakapozikwa.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama